Kimya cha Msitu wa Rwentama

Babra alivuta mlango wa chuma wa ngazi, akauona mwili wa Séraphine kabla hajatia mguu ndani. Ilikuwa Jumanne, saa moja kasoro asubuhi, Wandegeya, nyuma ya jengo ambalo ghorofa yake ya chini ina maduka ya kuchapa kazi za wanafunzi. Séraphine Mapendo alikuwa amelala chini ya ngazi, shavu kwenye sakafu, mkoba wake kando ya nyonga. Babra hakupiga kelele mara moja. Kwanza aliinama akaishusha sketi ya marehemu iliyokuwa imepanda juu ya goti. Ndipo akapiga kelele, na wachapaji wakaacha mashine zao zikiunguruma wakaja mbio.

Inspekta Kulusum Habib alipofika kutoka kituoni, Koplo Ogwal alikuwa ameshapata jibu.

"Afande, hii ni kuteleza tu," alisema. "Jana mvua imenyesha toka jioni, hii ngazi iko na maji. Mama alikuwa anashuka, akaanguka. Pesa iko, simu iko, ufunguo ya ofisi iko ndani ya mkoba. Mwizi hakuna."

Kulusum alichuchumaa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mzaliwa wa Kibuli, wa ukoo wa wafanyabiashara waliokuja kutoka pwani enzi za mababu wakabaki. Kiswahili kilikuwa lugha ya kwao, si lugha ya kambini, na askari wadogo walijichunga wanapokizungumza mbele yake.

"Mkoba huu uliporomoka naye kutoka juu?" aliuliza.

"Ndiyo, afande."

"Zipu imefungwa. Hauna tope, hauna mkwaruzo. Yeye amevunjika, mkoba umekaa kama umepangwa."

Ogwal alitazama mkoba, akafunga kijitabu chake.

Walipanda juu. Ofisi ilikuwa imefungwa. Wakaifungua kwa ule ufunguo wa mkobani, uliofungwa kwenye kamba ndefu ya viatu. Kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya karatasi mbichi. Ukutani palibandikwa ramani ya misitu ya magharibi, imechomwa pini za rangi mbili: kijani palipo na sokwe mtu, nyekundu mahali walipotoweka. Nyekundu zilikuwa nyingi.

Babra, karani wa ofisi, alieleza huku akijifuta macho kwa leso. Mradi wao ulikuwa wa kujua sokwe wamebaki wapi, kabla misitu haijaisha. Watu wa porini, wakiongozwa na Jasper Kiiza, walifunga kamera na vinasa sauti kwenye miti. Kadi zikijaa zililetwa Kampala, na Séraphine ndiye aliyekaa hapo kutwa kuzisikiliza na kuzitazama. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, msomi wa wanyama, mkimbizi. Ripoti yake ilikuwa ipelekwe serikalini wiki ileile.

"Jana aliondoka nani wa mwisho?" Kulusum aliuliza.

"Yeye, nnyabo. Mimi nilitoka mvua ikianza, kama saa kumi na mbili hivi. Nilimwacha peke yake pale kwa meza. Jasper alikuja mchana, akaenda. Tarcisio, yule mwenye msitu, pia alikuja, akaenda."

Kulusum alikwenda kwenye meza. Hedifoni zilikuwa zimelala juu ya daftari tupu. Pembeni palikuwa na kisahani cha kikombe, na ndani ya kisahani hereni mbili za dhahabu.

"Hizi zake?"

Babra akaziba mdomo. "Ee! Hizi ni za harusi. Akivaa hedifoni zinamuumiza, anazivua anaweka hapo. Lakini hawezi kwenda nyumbani bila hizo. Siku moja alirudi kutoka stendi ya teksi kuzifuata."

"Na ufunguo? Alikuwa akiuweka kwenye mkoba?"

"Hapana. Shingoni. Akikaa kazini anauvua, akitoka anauvaa. Alishapoteza moja, mkubwa akamfokea. Hata mume wake anamtania, anamwita mbuzi wa kamba."

Kulusum akaandika. Kisha akaliona sanduku la kadi, kila kadi kwenye kijishimo chake chini ya jina la msitu. Chini ya neno "Rwentama" vijishimo vilikuwa vitupu.

"Kuna kingine kisichokuwepo?"

Babra alizungusha macho chumbani mote, yakatua nyuma ya mlango, kwenye msumari mkubwa. "Koti la mvua. La kazi, la kijani. Jana nilitaka kuliazima, lakini ni refu, linanifika hapa kwa viatu. Nikaliacha, nikanyeshewa."

Koplo Ogwal, aliyekuwa dirishani, alishusha pumzi. "Kwa hiyo si kuteleza," akasema taratibu.

"Mtu anayekwenda nyumbani huvaa hereni zake, Koplo. Huyu mama alitoka chumbani ghafla, akiwa katikati ya kazi. Mtu mwingine ndiye aliyefunga mlango na kumletea mkoba."

*

Mume wa marehemu, Barnabé, walimkuta Kasubi kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio na spika za makanisa. Alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa ameketi kati ya spika zilizofunguliwa matumbo, bisibisi mkononi, hafanyi lolote.

"Bwana Barnabé, pole sana," Kulusum alisema, akavuta kigoda. "Majirani wanasema mligombana Jumapili."

"Ni kweli. Siku ya yenga, tukitoka kanisani." Sauti yake ilikuwa kavu. "Batu ba ofisi ya wakimbizi balituita kwa mambo ya Kanada, Mama Inspekta. Miaka yote tunangojea, sasa safari imepatikana, mimi, yeye na batoto. Bibi yangu akasema haendi mpaka amalize ripoti ya zile nyama zake za porini. Nikamuuliza, wewe ni mama ya batoto wangu ao ni mama ya masokwe?"

"Akajibu nini?"

"Akanyamaza. Yeye akikasirika ananyamaza."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa. Peke yangu."

"Mkeo hakurudi usiku kucha, na wewe hukumtafuta?"

Barnabé aliiweka bisibisi chini. "Mvua ikinyesha sana analala kwa rafiki yake, Wandegeya kule. Na mimi nilikuwa na hasira. Nilifunga simu. Nilisema, acha naye asikie vile kunyamaziwa kunauma." Alitazama mikono yake. "Alikufa saa ngapi, Mama?"

"Bado hatujui."

"Kama alinipigia..."

Kulusum alikuwa ameshaipekua simu ya marehemu. Hakumpigia mumewe. Simu ya mwisho, kitambo kidogo baada ya saa kumi na mbili, ilikuwa kwa Jasper Kiiza. Alitaka kumwambia Barnabé hilo ili apate nafuu, lakini mtu aliye peke yake saa ya mauaji, mwenye hasira ya safari, haambiwi kila kitu. Akanyamaza, na moyo wake haukupenda.

Nje, Ogwal alisema, "Huyu angeweza, afande."

"Angeweza. Lakini huyu ndiye anayemwita mkewe mbuzi wa kamba. Angemvalisha ufunguo shingoni. Aliyeuweka mkobani hakujua tabia yake."

"Basi ni yule Tarcisio."

*

Tarcisio alikuwa mwenye msitu wa Rwentama. Wasia wa baba yake ulimpa ardhi yote ile, na yeye alitaka kuikata miti apande miwa. Kizuizi chake kilikuwa sokwe: penye pini ya kijani, kibali hakitoki. Mwezi uliopita alikuja ofisini akapiga meza, na wachapaji wote chini walimsikia akimwambia Séraphine kwamba atamzika yeye na sokwe wake shimo moja.

Walimkuta hotelini Mengo akila matoke. Hakuinuka.

"Nilisema hivyo, ndiyo," alijibu. "Mimi nikiwa na hasira nasema mengi. Muulize mke wangu nimeshamzika mara ngapi."

"Jana mchana ulifuata nini kwake?"

"Yeye ndiye aliyeniita! Akanikaribisha chai. Nikashangaa. Akaniambia, mzee, usishangilie mapema, lakini nijibu swali moja kwa haki ya Mungu: mara ya mwisho wewe mwenyewe kumsikia sokwe Rwentama ilikuwa lini? Nikamwambia, nilipokuwa kijana, mama yangu hai. Siku hizi msitu ule umenyamaza kama kaburi. Akanishukuru. Nikaondoka mvua haijaanza."

"Ramani yao ina pini ya kijani Rwentama. Picha zipo, sauti zipo."

"Ndivyo wanavyosema wao," Tarcisio alisema, akasukuma sahani. "Mimi nimezaliwa pale."

Ogwal hakuamini hata neno moja. Mtu ametishia kuua, ana faida ya kuua, na siku ya kuua alikuwa pale. Tarcisio alilala mahabusu siku ile, akitukana kwa Kinyoro hadi sauti ikakauka.

*

Jasper Kiiza alikuja kituoni mwenyewe Jumatano asubuhi, bila kuitwa. Mvua ilikuwa bado inanyesha, ile mvua nyembamba isiyo na haraka, na alisimama mlangoni akikung'uta koti lake refu la kijani kabla ya kuingia. Alikuwa mtu mrefu, mtulivu, mwenye ndevu zilizoanza mvi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Kiswahili chake alikipata kwa askari wa misitu wa Kongo aliotembea nao miaka mingi.

"Nimefanya naye kazi tangu alipovuka mpaka," alisema. "Alikuwa kama dada yangu, afande. Nitasaidia kwa lolote."

"Jumatatu uliondoka ofisini saa ngapi?"

"Saa kumi. Nilikwenda kwa dada yangu hapo Mengo, nikalala huko. Sikurudi tena ofisini."

"Alikupigia simu baadaye."

"Ndiyo. Aliuliza habari za safari ya wiki ijayo. Maneno mawili tu." Alitazama chini. "Laiti ningejua."

"Kadi za Rwentama hazipo."

Jasper aliinua uso. "Basi mnajua ni nani. Ni nani mwingine anazihitaji zipotee? Bila zile kadi, Tarcisio atasema hakuna sokwe, na nani atambishia?"

"Una uhakika zilikuwa na sokwe?"

"Vinasa sauti vya Rwentama nilivifunga kwa mikono yangu, na nikavifungua kwa mikono yangu. Hakuna mwingine aliyevigusa. Sokwe wapo, afande. Msitu ule ukikatwa, damu ya Séraphine itakuwa imemwagika bure."

Alilia aliposema hivyo, na kilikuwa kilio cha kweli. Kulusum alimpa maji. Alipoondoka, Ogwal alisema, "Huyu ni mtu mzuri," na Kulusum hakupinga.

Alasiri ripoti ya mochwari ikafika. Séraphine alikufa kwa kupasuka fuvu. Hakufa papo hapo. Aliishi muda fulani pale chini, pengine muda mrefu. Na chini ya kucha za mkono wake wa kulia palikutwa vipande vidogo vya plastiki laini, rangi ya kijani.

Kulusum aliisoma mara mbili. Kisha akainuka, akaenda kusimama mlangoni pa kituo, pale Jasper alipokung'uta koti lake asubuhi.

"Koplo," aliita. "Babra alitoka mvua ikianza, akaliacha koti kwenye msumari. Asubuhi halikuwepo. Jasper anasema alitoka saa kumi na hakurudi. Leo alikuwa amevaa koti gani?"

Ogwal alimfuata mlangoni. "Makoti ya kijani ni mengi, afande," akasema. "Na kwa nini? Wote wawili walikuwa wanataka kitu kimoja. Huyu mama alikuwa anaandika sokwe wapo, na huyu anataka sokwe wawepo. Mtu haui mkono wake mwenyewe."

Hilo ndilo lililomkosesha Kulusum raha. Koti alikuwa nalo. Sababu hakuwa nayo.

*

Alirudi Kasubi Alhamisi. Barnabé alikuwa amefunga kibanda. Watu wa kanisani walijaa uani wakiimba kwa sauti za chini. Alitoka, wakasimama kando ya ukuta.

"Siku zile za mwisho, mkeo alikuwa akizungumza nini kuhusu kazi?"

"Haikuwa kuzungumza. Ijumaa alinipa sauti moja, kwa flash. Akasema, mume wangu, hii sauti ina upepo mwingi, nisafishie. Hao sokwe nawajua, sihitaji wao. Nataka kusikia yule mtu mwenye kuimba nyuma yao." Barnabé akatikisa kichwa. "Niliisafisha, nikamrudishia. Sikusikiliza vizuri. Nilikuwa na hasira na masokwe yote ya dunia."

"Una nakala?"

Alimfungulia kibanda. Spika kubwa ya kanisa ndiyo pekee iliyokuwa nzima, wakaisikiliza humo. Kwanza ulikuja msitu: matone, wadudu, ndege mmoja. Kisha sokwe. Walianza chini, kwa pumzi, wakapanda mpaka ikawa kelele ya kundi zima, na mtu mzima mmoja akapiga mizizi ya mti kama ngoma. Watu uani waliacha kuimba.

Na nyuma yao, mbali mno, kama uzi, palikuwa na sauti ya mwanadamu.

Kulusum alisogeza sikio. Aliijua kabla hajayasikia maneno, kwa jinsi ilivyopanda na kushuka. *Aswalatu khairun minan naum.* Swala ni bora kuliko usingizi. Ilikuwa adhana ya alfajiri.

"Ni wimbo gani, Mama?" Barnabé aliuliza.

"Si wimbo. Ni msikiti." Alikuwa ameshatoa simu, anampigia Ogwal kituoni. "Koplo, mpe Tarcisio simu yako. Mzee, nijibu. Kuna msikiti karibu na Rwentama?"

"Msikiti?" Tarcisio alifoka kutoka mahabusu. "Rwentama hakuna hata Mwislamu mmoja! Tuna kanisa la Katoliki na kengele yake. Waislamu wako Nyabigoma, upande wa ziwa, tangu siku za wale Waswahili wa pembe za ndovu. Kutoka kwangu ni mwendo wa gari nusu siku. Mnanitoa lini hapa?"

"Leo," Kulusum alisema.

Alikaa kidogo kwenye kigoda, simu mkononi. Kwenye ramani, Nyabigoma ilikuwa na pini za kijani nyingi. Sasa alielewa kwa nini Séraphine alimwita Tarcisio kwa chai. Hakuwa anaandika kwamba sokwe wapo. Alikuwa amegundua kwamba hawapo.

*

Ijumaa, saa tisa alasiri, walikutana ofisini: Kulusum, Ogwal, Babra, na Barnabé aliyeomba kuwepo. Jasper alikuja amevaa koti lake. Kulusum alimwomba alivue alitundike kwenye msumari wa mlangoni. Babra alipoliona pale mahali pake, alitikisa kichwa taratibu.

"Ndilo hilo. Kiraka cha tyubu ya baiskeli kwa bega, nilikibandika mimi."

"Ni koti la kazi," Jasper alisema. "Natembea nalo siku zote."

"Jumatatu jioni, mvua ilipoanza, Babra aliliacha hapa. Wewe unasema ulishaondoka saa kumi. Nani alikuletea?"

Ogwal aligeuza mfuko wa pembeni wa koti. Ukingo wake ulikuwa umechanika, plastiki imekwanguliwa kwa kucha.

"Bwana Kiiza, uliniambia vinasa sauti vya Rwentama hakuna mwingine aliyevigusa."

"Ndiyo."

Kulusum akamwashiria Barnabé. Barnabé akaiwasha spika ya kanisa aliyokuja nayo. Sokwe wakapiga kelele, mizizi ikalia, na nyuma yao mwadhini wa Nyabigoma akawaita watu wake waache usingizi, waje. Ilipokwisha, Barnabé akaizima.

"Mimi nimelelewa na sauti hii," Kulusum alisema. "Wewe umeizoea msituni, ukawa huisikii tena. Séraphine hakuijua ni nini, lakini aliisikia. Na hao sokwe aliwatambua. Ulichukua kadi za Nyabigoma ukazipa jina la Rwentama."

Jasper alivuta kiti akaketi. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo mahali pabaya.

"Nimetembea misitu ile tangu nina miaka ishirini," alisema. "Kila nilipoandika 'hakuna sokwe', matrekta yalifika. Kila mara, afande. Chura, ndege, mto, mvule wa miaka mia tatu, hakuna anayeuliza. Msitu usio na sokwe hauna wakili. Rwentama ndio msitu wa kwetu. Nimefunga kamera mle miezi sita, sikupata hata unyayo. Nikasema, pini moja tu. Nani ataumia kwa pini moja?"

"Séraphine aligundua."

"Alinipigia nikiwa Mengo. Akasema, njoo uniambie uongo huu usoni. Nikarudi. Alikuwa hana hata hasira, ndiyo mbaya. Akasema, Jasper, tukiweka sokwe pasipokuwa na sokwe, siku moja hakuna atakayetuamini pale walipo. Tutakuwa tumewaua wote kwa pini moja. Nikamwomba. Nikapiga magoti hapa. Akakataa. Nikachukua zile kadi, nikavaa koti, nikatoka. Akanifuata mpaka juu ya ngazi, akaushika mfuko, akavuta. Nikamsukuma aniachie." Alifumba macho. "Nilitaka aniachie tu."

"Kisha ukarudi kuchukua mkoba."

"Ndiyo."

"Ukafunga mlango, ukatia ufunguo humo, maana wewe wa porini hukujua kwamba huuvaa shingoni, ukashuka, ukauweka karibu naye."

"Ndiyo."

"Alikuwa hai?"

Jasper alitazama koti pale msumarini.

"Bwana Kiiza. Alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anapumua," alisema, karibu bila sauti. "Nilidhani... nilidhani nikimwita daktari, ataamka aseme."

Barnabé aliinuka. Ogwal alijiweka tayari kumzuia, lakini mtu yule hakwenda kwa Jasper. Alikwenda mezani, akachukua kile kisahani cha hereni, sasa kitupu, akakishika kwa mikono miwili kana kwamba kina maji.

"Angenisamehe mimi kwa maneno ya siku ya yenga," alisema. "Wewe umenichukulia na hiyo."

Pingu zilipofungwa Babra alikuwa anatazama ukuta.

*

Séraphine alizikwa Kampala, kwa kuwa Bukavu hapakuwa pa kurudi. Jasper alikiri mahakamani. Tarcisio aliajiri mwanasheria siku ileile alipotoka mahabusu. Ushahidi wa kesi ulikuwa wazi kwa kila mtu: mtafiti ameuawa kwa sababu Rwentama haina sokwe. Pini ya kijani ikang'olewa. Kulusum alijua kwamba saini yake iko chini ya faili lililoing'oa.

Walipopekua nyumba ya Jasper, polisi walikuta mfuko wa kadi nyingine chini ya kitanda. Hizo ndizo zilizokuwa kadi za kweli za Rwentama. Alizisikiliza siku chache, akakata tamaa, akazificha. Mahakama ikataka zithibitishwe, na mtaalamu wa chuo kikuu akakaa nazo wiki baada ya wiki. Alikuja kituoni mwenyewe kuleta matokeo, kwa sababu hakutaka kuyasema kwenye simu.

Kulusum alifika Kasubi Barnabé akifunga masanduku. Safari ya Kanada ilikuwa kesho yake. Watoto walikuwa kwa jirani. Kibanda kilikuwa kimeuzwa, spika zote zimekwenda, kwa hiyo walisikiliza kwenye simu ya Kulusum, vichwa vimekaribiana.

Ulikuwa msitu mtupu kwa muda mrefu. Kisha, mbali, sokwe mmoja akaanza kuita. Alipanda, akapanda, akafika pale ambapo wenzake wangedakia. Hakuna aliyedakia. Alipiga mzizi wa mti, akangoja. Akaita tena.

"Huyu ni wa wapi?" Barnabé aliuliza.

"Rwentama."

"Rwentama ya kweli?"

"Ya kweli. Yupo mmoja. Dume, mtaalamu anasema, mzee. Ni yeye tu katika kadi zote, na alfajiri hiyo moja tu."

Barnabé alikaa kwenye sanduku. "Kwa hiyo kama yule mtu angezisikiliza mpaka mwisho..."

"Ndiyo."

"Na kama angempa Séraphine azisikilize..."

"Ndiyo, Bwana Barnabé."

"Na huo msitu? Sasa hawataukata?"

"Mwanasheria wa Tarcisio anasema sokwe mmoja si kundi. Hakimu bado hajaamua. Matrekta yako barabarani yanangoja."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Barnabé alichukua simu kutoka mkononi mwa Kulusum, akaitafuta ile alama ya kurudisha nyuma, akaweka sikio.

"Ngoja kwanza, Mama," alisema. "Séraphine angetaka nimsikilize vizuri."